Meza ya Watu Watano

Jumapili jioni, Area D, Dodoma.

Upepo haujatulia tangu asubuhi. Mabati ya banda la nyuma yanagongana, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na baridi ya mwezi huu imenifanya niandike nikiwa nimevaa koti la kazini. Ndani kumenyamaza vibaya.

Mke wangu na watoto wameondoka leo kurudi Dar es Salaam. Niliwasindikiza stesheni, nikabeba begi kubwa mpaka pale wanapowazuia wasio na tiketi, kisha nikabaki nimesimama hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana.

Wanaonisoma kwenye blogu hii wamezoea kunikuta nalalamikia patasi butu na gundi isiyoshika. Leo sina la kumfundisha mtu. Nataka tu kuandika jinsi siku hizi chache zilivyokwenda, kabla sijaanza kujidanganya kwamba hazikwenda hivyo.

Nilikuja Dodoma ofisi yetu ilipohamishiwa huku. Tulikuwa tuhame wote. Rehema, mke wangu, ni muuguzi. Tulikubaliana nitangulie mimi, nitafute nyumba, yeye aombe uhamisho, na watoto wamalize mwaka wa shule. Mwaka ule uliisha, ukaja mwingine. Mama yake akapata kiharusi, akaletwa kukaa nao. Tukasema tusubiri kidogo. Huu sasa ni mwaka wa tatu wa kusubiri kidogo.

Nyumba niliyopanga ilikuwa kubwa kwa sababu niliipanga kwa hesabu ya watu wote. Sebule ilikuwa tupu kabisa. Nilikuwa nakula nimekalia ndoo niliyoigeuza, sahani mapajani, nikitazama ukuta. Jioni moja nikasema nitatengeneza meza. Ningeweza kununua, tena za kutosha ziko barabarani kila kona. Lakini jioni za mtu anayeishi peke yake ni ndefu, na mimi si mnywaji, wala mpira haunishiki.

Sikuwa najua lolote kuhusu mbao. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu. Stuli yangu ya kwanza ilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulikuwa na maoni yake. Randa ilinichuna, msumeno ulinikata, na vumbi la mninga lilinifanya nipige chafya mpaka wenzangu ofisini wakanishauri nikapime kifua. Sikuacha. Nilikuwa nimepata kitu cha kukimbilia nikitoka kazini.

Meza niliichora mwenyewe. Ya watu watano: mimi kwenye kichwa cha meza, Rehema upande wa pili ili tutazamane, Tumaini na Baraka upande mmoja, na Neema, mdogo wetu, peke yake upande wa jikoni kwa sababu yeye ndiye anayemwaga. Hakuna msumari hata mmoja kwenye miguu ile. Kila mguu una tundu, na kila ubao wa fremu una ulimi unaoingia mle kwa kubanwa. Matundu hayo niliyachimba kwa patasi na nyundo, nikaota sugu kwenye kiganja ambacho tangu shule hakijashika kitu kizito kuliko kalamu.

Uso wa kwanza wa meza ulipasuka. Mbao hazikuwa zimekauka vizuri, nami nilizikaza kwa skrubu bila kuziachia nafasi ya kusinyaa. Kiangazi cha huku kinanyonya maji kwenye kila kitu: midomo, visigino, mbao. Mchana mmoja niko jikoni nikasikia mlio kama wa tawi linalovunjika. Nilipotoka nikakuta ufa umetoka pembeni ukakaribia katikati. Nilikaa chini kwenye maranda nikalia. Mtu mzima, mtumishi wa umma, analilia ubao.

Nikanunua mbao nyingine. Nikazipanga ndani juu ya vijiti ili hewa ipite katikati yake, nikazisubiri mpaka mvua zikaja, zikaisha. Safari hii matundu ya skrubu niliyatoboa marefu, ili uso ukitaka kutanuka utanuke, ukitaka kusinyaa usinyae. Haujapasuka mpaka leo. Ukipitisha kiganja hutahisi pale mbao zinapokutana.

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa mikono yangu. Nasema hivyo bila kujisifu. Nasema kwa huzuni.

Kila hatua nilimtumia Rehema picha. Miguu ikiwa bado mibichi. Fremu. Ile siku ya vanishi ya kwanza, mninga ulipogeuka rangi ya asali nzito. "Nzuri," alikuwa anajibu. "Hongera, fundi." Basi mimi nalala nimeridhika.

Na viti pia nilitengeneza, kila mtu na chake. Sikutaka viti vya sare. Nilimwomba Rehema awapime watoto kutoka unyayo mpaka nyuma ya goti, naye akanitumia vipimo. Cha Neema nilikifanya kirefu, na ubao wa kukanyagia, ili asining'inize miguu wakati wa kula. Nilikuwa namwona kabisa amekaa pale.

Walifika Alhamisi, likizo ya shule. Nilikuwa nimeiacha meza bandani makusudi. Nilitaka waione ikiingia ndani, iwe kama sherehe.

Basi Ijumaa nikamwita Mzee Chidawali, mwenye nyumba wangu, anayekaa nyumba ya mbele. Alikuja na kofia yake ya sufu na salamu zake za Kigogo.

"Mbukwa, mbukwa!"

"Shikamoo baba," Rehema akamwambia.

"Marahaba mwanangu. Huyu mumeo ameiuguza hii meza kama mgonjwa. Leo tumtoe wodini."

Tukaiinua: mimi na mzee mbele, Rehema na Tumaini nyuma. Ikafika mlangoni ikakwama. Tukailaza ubavu, ikakwama. Tukaingiza miguu miwili kwanza, ikaingia, halafu miwili ya nyuma ikagoma kwenye fremu ya chuma ya geti la mlango. Tukajaribu mlango wa mbele, ambao ni mwembamba zaidi. Miguu nilikuwa nimeigundisha. Haitoki tena mpaka uivunje.

Mzee Chidawali akaketi kwenye ngazi akihema. "Fundi, ulipima kila kitu ukaisahau nyumba?"

Watoto walicheka mpaka Baraka akashika tumbo. Rehema naye alicheka, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka. Nikikumbuka siku zote hizi, ile ndiyo dakika nitakayoihifadhi. Tulikuwa watu watano tunachekea kitu kimoja.

Tukairudisha bandani. Rehema akasema hakuna neno, kesho tutakula huko huko nje.

Jumamosi mchana akapika wali na kuku na mchicha wa nazi. Nilitandika kitambaa, upepo ukakichukua, nikakiondoa. Nikapanga viti kama nilivyovichora. Nikawaita kila mmoja nikimwonyesha chake, na moyo unanidunda kama naoa.

Rehema akakaa. Kiti kikamkaa sawasawa.

Baraka akakaa, akajipindapinda, akavuta sahani. Tumaini alipokaa, magoti yalipanda juu kama mtu aliyekalia kigoda, na meza ikamfika kifuani. Yuko kidato cha pili sasa, ananikaribia urefu. Neema akapanda kwenye kiti chake kirefu, akajaribu kuingiza miguu, magoti yakagota kwenye fremu ya meza.

"Hiki cha mtoto," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Akashuka, akaenda kuchukua stuli yangu ya zamani, ile inayoyumba, akakalia hiyo.

Vipimo vilikuwa vya kabla uso wa kwanza haujapasuka. Nilijua kwamba muda umepita. Kichwani nilijua. Lakini mikono yangu ilikuwa inawatengenezea watoto walewale wa kwenye vile vipimo, na walikuwa wameshaondoka bila mimi kuona.

"Nitavirekebisha," nikasema.

"Viko vizuri baba," Tumaini akajibu upesi, akainamia sahani. Wali ulikuwa na vumbi. Tulikula.

Walipomaliza watoto wakaingia ndani kuangalia katuni. Rehema akabaki. Nilidhani anakusanya vyombo. Alikuwa amekaa tu, anapangusa vumbi juu ya meza kwa kiganja, anapangusa palepale.

"Baba Tumaini, nina jambo."

"Sema."

"Siombi tena uhamisho."

Nilimuuliza kama wamemkatalia. Akasema hapana, aliacha kuomba zamani. Akaniambia amepewa kusimamia wodi, kwamba mama yake hawezi safari na kliniki yake iko kule, kwamba Tumaini ana mitihani ya taifa mbele yake. Aliyasema hayo haraka, kama mtu anayetoa vitu mezani ili apate nafasi.

"Lakini sitaki kukudanganya kwa hayo," akasema. "Hayo yote tungeyapanga, yangewezekana."

"Sasa ni nini?"

"Tumezoea."

Sikumwelewa mara moja. Akanitazama.

"Mwanzo tulikuwa tunakusubiri. Kila Ijumaa Neema alikuwa anauliza kama unakuja. Siku hizi haulizi. Na mimi pia, Baba Tumaini. Nikirudi zamu ya usiku naoga, nalala. Nilikuwa nanyoosha mkono kwanza. Sasa hivi sinyooshi."

"Tangu lini?"

"Siwezi kukwambia ni lini. Mwaka jana nilikuwa nimeshajua."

"Na picha zote hizi nazokutumia?"

"Zilikuwa zinaniumiza."

"Si ungeniambia niache?"

"Ungeacha kweli," akasema. "Na ukinipigia simu, ni hiyo meza peke yake iliyokuwa inakuchangamsha. Niliogopa kukunyang'anya."

Hapa ndipo ningepaswa kusema kitu. Ningemuuliza anataka nini, ningemshika mkono, ulikuwa palepale juu ya meza. Badala yake nilisema: "Kwa hiyo nimewatengenezea wageni."

Rehema akakusanya sahani zote kwa mara moja, akaenda nazo jikoni. Na mimi nikachukua kipande cha msasa nikaanza kusugua pembe ya meza ambayo ilikuwa laini tayari. Nilisugua mpaka vanishi ikatoka. Nilimsikia akiosha vyombo, na akanisikia nikisugua. Hivyo ndivyo tulivyomaliza Jumamosi yetu.

Niseme na hili, maana kama siliandiki leo sitaliandika tena. Ijumaa, kabla ya hayo yote, Neema alichukua patasi yangu nzuri akafungulia kopo la maziwa. Nilimfokea mpaka akatetemeka. Na baadaye, watoto wakigombania rimoti, televisheni inapiga kelele, jiko limejaa, nilitoka nikasimama bandani peke yangu nikanusa mbao, na nikawaza: Jumapili nitapata utulivu wangu.

Niliwaza hivyo. Kabla Rehema hajasema neno lolote.

Leo asubuhi nilikuwa naifunika meza kwa turubai, Tumaini akaja bandani. Alikuwa amevaa tayari kwa safari. Kuta za nyumba hii ni nyembamba na banda liko chini ya dirisha, kwa hiyo bila shaka alisikia. Alinisaidia kufunga kamba upande mmoja.

"Baba, kwani wewe huwezi kuja?"

"Kazi iko huku, mwanangu. Ofisi yote imehamia huku."

"Sisemi kuhamia. Kuja tu. Ukitoka kazini Ijumaa unapanda treni, Jumapili unarudi."

Nikamwambia huwa nakuja. Akakaza kamba yake vizuri, fundo zuri kuliko langu.

"Baraka na wenzake walipocheza fainali shuleni ulisema utakuja, halafu ukasema gundi haijakauka."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau dukani. Kisha akasema twende, mama anaita, bajaji imefika.

Njia nzima kwenda stesheni Neema alikuwa amenilalia begani, amesamehe habari ya patasi, au ameisahau. Rehema alikuwa mbele na dereva, ameshikilia kilemba chake kwa sababu ya upepo. Kwenye kuagana aliniambia, "Kula vizuri," nami nikamwambia, "Msalimie mama." Tukashikana mikono. Watu waliooana kanisani tunashikana mikono kama tuliokutana kwenye semina.

Nimekuwa nawaza neno la Tumaini mchana kutwa. Treni ya umeme imefanya Dar kuwa karibu. Wenzangu ofisini wanakwenda na kurudi kila wiki, Jumatatu wanakuja na samaki. Mimi Ijumaa nilikuwa nawahi nyumbani kushika randa, kwa sababu wikiendi ndiyo mtu anapata muda mrefu wa kazi ya maana. Nilijiambia nafanya kwa ajili yao. Na kweli nilifanya kwa ajili yao. Hilo ndilo linalonisumbua: sikuwa nadanganya. Nilikuwa nawapenda kila siku, kwa bidii, wakiwa hawapo.

Alasiri Mzee Chidawali alipita kuchukua ngazi yake. Akaona turubai.

"Tunaweza kung'oa fremu ya mlango," akasema. "Mimi nakuruhusu. Ni nyumba yangu."

Nikamshukuru, nikamwambia tuiache kwanza. Akanitazama kidogo, akasema kesho upepo utapungua, akaondoka na ngazi. Hakuuliza wageni wameondoka saa ngapi.

Jua lilipokuwa linazama nikampigia simu Rehema. Walikuwa wamefika. Nyuma yake nilisikia televisheni, na mama yake akikohoa, na Baraka akiulizia soksi. Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi kwa lile neno la wageni. Nilikuwa hata nimelitafutia maneno, nikiyasema peke yangu jikoni. Yote yakapotea.

"Ijumaa nakuja," nikasema.

"Kuja kutembea?" akauliza.

"Kuja nyumbani."

Nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikapungua. Nadhani alikuwa ametoka barazani.

"Haya, uje," akasema. "Ila uje na shuka lako na chandarua. Mama analala chumbani kwetu siku hizi, mimi nalala na Neema. Wewe itabidi tukutandikie sebuleni."

"Sawa."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Haya basi. Usiku mwema, Baba Tumaini."

Nilitaka kumuuliza kama lile kochi refu bado lipo, ambalo mtu anaweza kulalia akanyoosha miguu, au waliliondoa kitanda cha mgonjwa kilipoingia. Sikuuliza. Niliona aibu. Ni nyumba yangu, na hicho ni kitu ambacho mwenye nyumba anakijua.

Ijumaa nitaona mwenyewe.